Kifuniko cha Gari la Getini

Ijumaa, tarehe 27 Septemba 2019. Asubuhi hiyo Alabama ilikuwa imekauka. Mvua haikuwa imenyesha tangu Agosti, na saa mbili ilipogonga joto lilikuwa limekwisha kukaa mabegani. Verlene Tidmore alisali ndani ya gari lake kama kawaida, kisha akaingia kwenye bohari ya jeshi, alikokuwa akikagua vipuri kwa miaka kumi na tisa.

Wiki ya mwisho ya Septemba kila mtu pale anaijua. Mwaka wa fedha unakwisha, na fungu la fedha lisilotumika hupunguzwa mwakani, basi kila ofisi hununua kama inayofukuzwa. Malori yalikuwa foleni. Kilichomtia Verlene wasiwasi ni mtu aliyeshuka kwenye lori la tatu, boksi la donati mkononi: Dwight Pruett, aliyewahi kuwa kamanda wa bohari hiyo, sasa mtu wa kampuni inayoiuzia bohari vipuri. Tangu lini mkubwa kama yule akasindikiza mzigo?

Bado walimwita Kanali, na bado walisimama akipita. Ndiye aliyempa Verlene kazi mwaka aliofiwa na mume. Alimuulizia goti, akamuulizia kanisa, kisha akashusha sauti: vifuniko mia tatu vya mlango wa juu wa magari ya deraya vimeshakaguliwa kiwandani, asijisumbue kufungua, atie saini tu kabla ya saa sita.

"Ndiyo, afande," Verlene alijibu kwa mazoea.

Halafu kalamu ikamgomea. Fomu ya kupokea mzigo ilisema mkaguzi amefungua mzigo na kujaribu kifuniko kimoja kwenye gari lenyewe. Akitia saini, ni uongo wenye jina lake chini. Akikataa, anamgeuka aliyemwokoa, na huenda kazi ikaenda naye.

Alimwita Otis Gilliam, dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, wakafungua kreti moja. Otis alivitambua vifuniko mara moja, maana mke wake ndiye huvipaka rangi kiwandani. Verlene akamuuliza magari ya vifuniko hivyo yako wapi.

"Dada, yale yalikatwakatwa kuwa chuma chakavu mwaka juzi," Otis alicheka. "Limebaki moja la ukumbusho pale getini, lile wanalolizungushia maua."

Verlene hakucheka. Alikwenda kufungua jalada la oda. Vifuniko viliombwa Mei 2017, miezi mitano baada ya magari hayo kuondolewa kazini. Saini ilikuwa ya Pruett. Mwezi uliofuata walimkatia keki ya kustaafu. Verlene mwenyewe aliioka.

Akamwambia Otis abebe kifuniko kimoja kwa foklifti hadi getini. Walinzi wawili walitoka kibandani kutazama. Verlene akapanda juu ya lile gari la ukumbusho, goti likimuuma, akakwangua kinyesi cha ndege, Otis akamwinulia kifuniko kwa foklifti, naye akakiweka kwenye tundu la juu. Kilikaa sawasawa.

Pruett alifika akihema, akauliza ni maonyesho gani hayo.

"Najaribu, kama fomu inavyotaka. Hiki kimekaa. Bado mia mbili tisini na tisa, na sina gari lingine."

Otis aliinamisha uso kuficha kicheko. Pruett akamgeukia, akasema kiwanda kile kinalisha watu mia nne wa mji huu, na mkewe Otis yumo. Kicheko kikamkauka Otis.

"Shuka utie saini, Verlene. Hiyo ni..." Pruett alisita.

"Ni amri? Hapa huna amri, Bwana Pruett."

Walinzi walitazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia akiitwa Bwana pale. Pruett alimtazama Otis kama anayengoja msaada. Otis akazima foklifti ili kila mtu asikie.

Verlene aliweka kiganja juu ya kile chuma cha moto.

"Nyinyi watatu ni mashahidi wangu. Fomu hii sitaitia saini leo. Jumatatu saa mbili nitaipeleka kwa mkaguzi mkuu wa jeshi, mimi mwenyewe, pamoja na oda yenye jina la Bwana Pruett, na nitamwonyesha gari nililojaribia."