Kipimo Ambacho Hakikurudiwa

Pale maabara walimwita Bi Nukta, maana hakuna aliyewahi kumwona akiridhika na namba isiyo na tarakimu nne baada ya nukta. Jina lilianza kama utani, likaganda, hata mkuu wa maabara akawa analiandika kwenye ratiba ya zamu.

Mashine aliyoiendesha ilijaza chumba kizima. Unaipa matone ya maji, inayapitisha kwenye moto mkali kuliko wa tanuri lolote, kisha inahesabu atomi kwa uzito wake. Risasi, yale madini mazito ya kwenye betri, ina atomi nyepesi na nzito, na uwiano wake hutegemea mgodi ilikochimbwa. Ukiujua uwiano, unaweza kujua risasi iliyo kwenye maji imetoka wapi.

Ila mashine ile ilikuwa na upendeleo. Atomi nzito ilizipitisha kirahisi kuliko nyepesi, na upendeleo wenyewe haukutulia. Chumba kikipata joto, unahama. Kwa hiyo mpimaji hupima kwanza myeyusho wa rejea ambao uwiano wake unajulikana, halafu sampuli, halafu rejea tena. Akiona mashine imeongopa kiasi gani kwenye rejea, anairekebisha sampuli kwa kiasi hicho hicho.

"Ni kama mzani wa dukani," Bi Nukta alizoea kusema. "Usiuamini mpaka uweke jiwe unalolijua."

Basi mwaka mmoja watoto wa mtaa fulani walikutwa na risasi kwenye damu. Maji ya kisima chao yakashukiwa. Upande mmoja wa kisima palikuwa na karakana ya betri za magari. Upande wa pili tangi kuukuu la kugawia maji, lililoungwa viungo vyake kwa risasi. Na mwenye karakana hakuwa mwingine ila kaka yake Bi Nukta, aliyemlea tangu wazazi walipofariki, akamsomesha kwa mikono iliyobabuka kwa tindikali.

"Mkuu, hii kazi mpe mtu mwingine," Bi Nukta aliomba.

"Mtu mwingine yupi? Mashine hii unaijua wewe peke yako."

Zikaletwa chupa tatu: ya maji, ya udongo wa karakana, na ya risasi ya tangi. Ofisi ya afya ilitaka jibu kabla ya saa kumi. Asubuhi alipima rejea, akapima udongo, akapima tangi. Saa saba kiyoyozi kikazima. Fundi akaja, akagongagonga, akaondoka na maneno ya "kesho." Alipofikia chupa ya maji ilikuwa saa tisa, na jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

Namba ikatoka sawasawa na ya karakana.

Bi Nukta aliitoa chupa ya rejea kabatini. Alijua imempasa kuipima tena, kisha ayarudie maji. Alisimama nayo mkononi kitambo. Kisha akawaza: nikirudia, watasema narudia mpaka nimtakase kaka yangu. Akairudisha kabatini, akatumia marekebisho ya asubuhi, akatia saini.

Karakana ikafungwa juma lile lile. Kaka alikuja nyumbani kwa wazazi wao, ambako Bi Nukta aliishi, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mdogo wangu, una hakika?"

"Namba ndivyo zilivyosema, kaka."

"Namba sikuziuliza. Nimekuuliza wewe."

Kaka akahamia mbali, kwa wakwe zake, na simu za Bi Nukta akawa hazipokei.

Watu walimsifu Bi Nukta: huyo ndiye mkweli, hakumwonea haya hata wa tumbo moja. Lakini sifa hazipigi hodi jioni kukuuliza umeshindaje. Alikula amesimama jikoni, redio ikiwa wazi ili pawe na sauti ya mtu. Siku za mapumziko alikwenda kazini kusafisha vioo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Maabara ilikuwa na desturi ya kupima upya, kila mwaka, chupa moja ya mwaka uliotangulia. Mtunza stoo ndiye huchagua. Safari hii akachagua ile ya maji ya kisima.

Bi Nukta akapima rejea, maji, rejea. Namba ikaangukia kwenye ile ya tangi. Akadhani amechanganya chupa. Akarudia mara tisa, chumba kikiwa baridi, na mara zote tisa ikawa tangi. Akafungua daftari la mwaka jana, akayaona maandishi yake mwenyewe: saa saba, kiyoyozi kimezima. Chini yake, rejea hakuna. Tofauti ilikuwa kwenye tarakimu ya tatu tu, lakini ilitosha. Akaziandika namba zote tisa kwenye karatasi, akampelekea mkuu.

Mkuu alisoma karatasi mara mbili. "Tutaandika kwamba ni marekebisho madogo."

"Si madogo, Mkuu. Tangi linatumika mpaka leo. Watoto wanakunywa."

Siku ya pili tangi likafungwa. Bi Nukta alizuiwa kutia saini majibu kwa miezi sita, na alipoingia chumba cha chai mazungumzo yalikatika. Hakulalamika. Aliomba ruhusa, akasafiri siku nzima kwenda kwa kaka yake.

Wifi yake alimkumbatia mlangoni. "Karibu, wifi. Yuko uani."

Kaka alikuwa anaziba banda la kuku kwa waya. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusokota.

"Wanaendeleaje wale watoto?" akauliza kwanza.

"Wanatibiwa. Mmoja bado hajakaa sawa."

Akasokota tena. "Kwa hiyo chupa uliishika mkononi."

"Niliishika."

"Ukairudisha."

"Nikairudisha, kaka."

"Ningekuwa mtu baki, ungerudia?"

Bi Nukta alitamani kupata jibu jingine. Halikuwepo. "Ningerudia."

Kaka alitikisa kichwa polepole. "Mwambie wifi yako akupe chakula. Umetoka mbali."

Asubuhi alikuwa ameshatoka. Wifi ndiye aliyemsindikiza mpaka kituoni, akamfungia mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. "Mpe muda," alisema. "Jana hakulala, lakini leo amekunywa chai yote."

Karakana iliruhusiwa kufunguliwa, ila kaka hakurudi. Bi Nukta alimwandikia ujumbe kila mwezi, naye alijibu neno moja: salama. Bi Nukta alilisoma neno hilo zaidi ya mara moja.

Mwezi wa nne, mvua zimeshika, simu ikalia jioni.

"Paa la nyumba ya mama linavuja?" kaka aliuliza, bila salamu.

"Kidogo. Upande wa chumba chako."

Kwenye simu Bi Nukta alisikia kuku, na wifi akiita mtu.

"Weka ndoo kwanza," kaka akasema, akakata.

Bi Nukta akainuka kuitafuta.