Mdomo Namba Tisa

Haya, sogea nikutegee, na kichwa ukikune sawasawa: shingo kaipinda, tumbo kaliacha wazi, vifungo mwili mzima wala shati hana, na hasemi neno mpaka mtu ampe mdomo. Ni nani huyo? Ukishindwa usinipe mji. Nilipewa miji mingi utotoni na hata mmoja sijahamia. Nitakuambia mwenyewe: ni saksafoni.

Wanaoipiga wana maneno yao. Kile kipande cha juu kinachoingia kinywani hukiita mdomo. Kijiti chembamba cha mwanzi kinachofungwa chini yake, kile kinachotetemeka ukipuliza, hukiita ulimi. Kwa hiyo usishangae kumsikia mtu mzima akisema, "Mdomo wangu umechoka, naenda dukani kutafuta mwingine." Hajachanganyikiwa.

Mama Pindo alikuwa mmoja wao. Mchana alishona, na jina alilipata kwa wateja, maana pindo alilolikunja yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ikawa tambara. Jioni tatu kwa wiki alifunika cherehani, akabeba saksafoni yake ndogo na kwenda kwenye karakana ya seremala, ambako bendi ya Kapteni ilifanyia mazoezi katikati ya mbao na maranda. Mumewe alipiga ngoma kubwa. Wifi yake, dada wa mumewe, karani wa posta, naye alipiga saksafoni ndogo, na aliyemfundisha ni Mama Pindo mwenyewe. Vidole vile alivipanga yeye kimoja kimoja, akivibandika juu ya vitufe kama anayembandika mtoto plasta.

Basi jioni moja wifi akafungua kasha lake, na ndani mkang'aa.

"Mdomo wa chuma!" akasema mpiga tarumbeta. "Leo karani kaja na meno ya dhahabu!"

Wifi akacheka, akautia kinywani, akapuliza. Sauti ikatoka kama kisu kipya. Ikagonga mabati, ikarudi, ikampita Mama Pindo sikioni bila hata hodi. Mama Pindo naye akapuliza, na mdomo wake mweusi wa plastiki, ulioliwa na meno yake miaka minane, ukatoa sauti yake ileile ya siku zote, laini, ya karibu. Hakujisikia. Ni mara ya kwanza hiyo, kupuliza asijisikie.

Njiani kurudi nyumbani mumewe alikuwa na furaha zake. "Umemsikia dada yangu? Msumeno ulikuwa ukutani unatetemeka wenyewe!"

"Na mimi je?"

Mume akafikiri. Afadhali asingefikiri. "Na wewe ulikuwepo," akasema.

Ulikuwepo! Neno hilo alikwenda nalo jikoni, akapika nalo, akalala nalo. Kesho yake alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, jambo ambalo halijapata kumtokea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakuwa mafundi cherehani.

Ingekuwa ni bendi tu, angemeza. Lakini Jumamosi ya wiki iliyofuata shemeji yake, kitinda mimba wa nyumba ya mumewe, alikuwa anaoa, na Kapteni alikuwa amesema wazi: "Wimbo wa kuwaingiza maharusi nampa mmoja. Atasimama mbele peke yake, sisi wengine nyuma. Nitaamua Alhamisi." Mbele pale, kiti cha kwanza, angekaa mama mkwe. Miaka kumi na minne Mama Pindo alikuwa mkwe mwema, mkwe mpole, mkwe anayerekebisha nguo za ukoo mzima bila malipo, na hata siku moja mama mkwe hakuwahi kukaa chini amtazame yeye tu. Hiyo ndiyo siku aliyoitaka. Sasa aione ikienda kwa karani wa posta kwa ajili ya kipande cha chuma?

Jumapili wifi alikuja kutembea. Akaacha kasha kitandani, akaenda uani kumsuka mtoto wa jirani. Kicheko chake kilisikika mpaka chumbani. Mama Pindo akafunga mlango taratibu. Akafungua kasha. Mdomo ulikuwa umelala kwenye kitambaa chekundu, na ubavuni ulichongwa tarakimu moja tu. Hakuugusa, hilo alijisifia baadaye, kwamba mwizi hugusa na yeye hakugusa. Aliinama, akasoma: tisa. Akafunga kasha, akatoka na sahani ya karanga, akamwambia wifi yake, "Kula, wifi yangu, umekonda."

Jumatatu akaenda kwa Mzee Koleo.

Mzee Koleo alitengeneza ala za bendi na majiko ya mafuta, na dukani kwake usingejua kipi ni kipi. Midomo aliiweka kwenye kopo la biskuti.

"Karibu, mama. Jiko au muziki?"

"Mdomo, mzee. Wa chuma. Bei ya mtu anayesomesha."

"Mdomo mbona unao? Tena nasikia unatosha watu watatu."

"Mzee, usianze."

Akacheka, akamwaga kopo juu ya kitambaa. "Ule wa dirishani usiutazame, huo bei yake utauza cherehani na meza yake. Wa kumudu ni hii mitatu." Akachukua wa kwanza, akaulaza tumbo chini juu ya kipande cha kioo, akaunyanyua machoni na kutazama kwenye mwanga. "Unaona? Mwanga unapita chini yake. Tumbo limepinda. Huu utapiga yowe hata ukiubembeleza. Weka kando." Akachukua wa pili, uliobambuka rangi kama sufuria ya shule. Akaulaza kwenye kioo. Mwanga haukupita. Akapitisha ukucha kwenye ncha. "Huu sura hauna, lakini umenyooka. Namba sita. Kwa pumzi yako na hizo ndimi ngumu unazotumia, huu ndio mdomo wako. Nakwambia kama baba."

"Na huo wa tatu?"

Wa tatu uling'aa.

"Huo ni tisa."

Mama Pindo akanyoosha mkono. "Nataka huo."

"Mama, namba si ukubwa wa cheo. Ni uwazi wa ncha, nafasi kati ya mdomo na ulimi. Tisa ni mlango wa gereji! Lazima uwe na mapafu ya mfua chuma, na ulimi laini kabisa. Huo hununuliwa na watu wawili, anayejua sana na asiyejua kitu."

"Ninayemjua anao, na anapiga vizuri."

"Nani?"

"Mtu."

Mzee Koleo akauweka chini. Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya shati, akamtazama. "Hebu niambie, mama. Huu mdomo unautaka wa kupiga, au wa kumpiga mtu?"

Mama Pindo akafungua mkoba. Akatoa pesa, na juu yake akaweka ule mdomo mweusi, maana bila kuutoa huo bei isingefika. Mzee Koleo alingoja kidogo, akaona pesa zinasogezwa kwake badala ya jibu, akazipokea.

"Bangili yake hii hapa," akasema, akampa kipete cha kufungia ulimi. "Ile ya zamani haitakaa, chuma ni chembamba. Nenda salama."

Mjukuu wangu, usiombe kusikia kilichotokea nyumbani. Mara ya kwanza alipopuliza ilitoka hewa tupu, kama tairi. Mara ya pili ilitoka sauti ya mbuzi anayekataa kamba. Chuma kilimtetemesha meno mpaka masikioni. Akakaza midomo, akakaza mashavu, mashavu yakamsaliti. Jumanne mdomo wa chini ulivimba. Jumatano hakuweza kunywa chai ya moto. Mumewe akamwuliza, "Umeumwa na nyuki?" akajibiwa kwa mlango. Lakini aliendelea, kwa sababu kila alipotaka kuacha aliiona ile tisa imelala kwenye kitambaa chekundu, akajiambia: yeye ana nini ambacho mimi sina? Nilimfundisha mimi!

Alhamisi ikafika. Kapteni akainua fimbo. Wifi akaanza, akapiga wimbo wa maharusi kutoka mwanzo mpaka mwisho, sauti imenyooka. Seremala mwenyewe aliacha kupiga randa.

"Mama Pindo."

Akasimama. Sauti tatu za kwanza zilitoka, kubwa kweli, na kwa kitambo kile kifupi akajiona mbele ya mama mkwe. Ya nne ikapasuka. Ya tano ikapiga yowe, na mpiga tarumbeta akaziba masikio kwa mikono yote miwili. Ya sita haikuja kabisa.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Wifi akamsogelea. "Wifi, pole. Hebu nione. Namba ngapi hii?"

"Tisa. Kama yako."

"Yangu? Yangu si tisa, yangu sita!" Akauchomoa mdomo wake, akaufuta, akaunyanyua wima mbele ya macho ya Mama Pindo. Namba ikasimama kwa miguu yake: sita. Ndipo Mama Pindo alipokumbuka namna ulivyolala kwenye kasha, ncha imeelekea kwake, naye kainama upande wa pili kama mwizi asiyegusa.

"Nani kakuambia yangu ni tisa?" akauliza wifi.

Mama Pindo akainama kufunga kiatu. Alivaa ndala.

Kapteni akakohoa. "Sikilizeni. Sitaki mtu aseme nimependelea. Kesho nendeni wote wawili kwa Mzee Koleo, karani anajua chuma, amsaidie mwenzake kuchagua. Jioni nitawasikiliza tena. Mama Pindo akija na kitu kinacholia, tutapima. Asipokuja nacho, wifi yake anasimama mbele."

Kwa hiyo kesho yake waliongozana, wifi akiongea njia nzima juu ya nguo za harusi, Mama Pindo akiitikia "mm" kwa mdomo uliovimba. Mzee Koleo alikuwa anazibua jiko. Alipowaona wawili hakuuliza kitu, akanawa mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Mzee, nimekuja kubadilisha," akasema Mama Pindo. "Unipe wangu wa zamani tu."

"Wa zamani kaondoka nao mwalimu wa shule Jumanne. Limebaki kopo." Akaliweka mezani, akaweka kiganja juu ya kifuniko. "Lakini sibadilishi bado. Nilikuuliza swali, ukanilipa pesa. Pesa ninazo, jibu sina. Nikikupa mwingine na ugonjwa ni uleule, utanirudia Jumatatu."

"Swali gani?" akauliza wifi.

"Muulize mwenyewe."

Wifi akamgeukia. "Swali gani, wifi?"

Jibu jepesi lilikuwepo, neno moja tu, na angelisema hata kwa mdomo uliovimba: wa kupiga. Mzee angenyanyua kiganja, wangechagua, wangerudi karakana kabla ya jioni, na wifi asingejua kitu mpaka kufa. Mama Pindo alilifungulia kinywa neno hilo. Lakini wifi alikuwa ameshika ule mdomo wa tisa, anaupimia ncha kwa ukucha, anakunja uso kwa kumjali kweli, na vidole vyake vilikaa vilevile vilivyopangwa miaka miwili iliyopita, kidole kidogo cha mwisho kimejikunja kwa juu, kosa ambalo Mama Pindo hakuweza kumwondolea kwa sababu hata yeye analo.

"Aliniuliza kama mdomo nautaka wa kupiga au wa kumpiga mtu," akasema.

Wifi akacheka kile kicheko chake. "Mzee ana maneno! Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Kicheko kikapungua. Mzee Koleo hakuondoa kiganja.

"Wa kumpiga mtu," akasema Mama Pindo. "Wewe, wifi yangu. Nilifungua kasha lako nikasoma namba yako, na hata kusoma kwenyewe nilisoma miguu juu kichwa chini."

Mzee Koleo akaondoa kiganja kwenye kopo.