Yai Linalogonga

Elinipenda anajifungia sakristia, chumba cha nyuma ya madhabahu, eti anajiandaa kwa maombi. Ukweli ni kwamba anajificha. Nje, kwenye ngazi za kanisa, wifi yake Mkunde amempakata bintiye anayewaka homa. Gari la kuwapeleka hospitali liko njiani, na Mkunde ameapa hapandi kabla mzee wa kanisa hajamwombea mtoto. Mzee wa kanisa ndiye Elinipenda, na Elinipenda hawezi. Masika yaliyopita alimwombea mwanawe Niwaeli mpaka sauti ikamkauka, kisha akamzika. Tangu hapo mdomo ukisema amina, moyo unasema sijui. Anapiga magoti, anaegemeza kichwa kwenye meza yenye vikapu vya mavuno, na usingizi unamchukua mzimamzima.

Basi yuko njiani, na njia haina mwisho, kila mji anaouingia ni ule aliotoka, ila kanisa limegeuka kama kwenye kioo, mnara wa kengele uko kushoto badala ya kulia, na watu wasio na nyuso wanapita na matoleo yao, naye ana kikapu kilichofunikwa kitenge. Mlangoni amesimama mpokeaji wa matoleo mwenye uso laini kama kiganja, hana jicho wala mdomo. Anauliza, umeleta nini? Elinipenda anajibu, mayai, na yote ni mazima. Mpokeaji anampisha, mlango unamtema kwenye njia ileile, kikapu kimezidi uzito, na mbali nyuma yake mtoto analia. Anakimbia, anafika mji uleule, swali lilelile, uongo uleule, na sasa kilio kinafifia, na huko kufifia ndiko kunakomtia hofu. Akichelewa, mtoto wa Mkunde naye atakwenda. Anarudi tena mlangoni, safari hii anakitua kikapu. Anafunua kitenge. Kuna yai moja tu. Desturi anaijua, ndiyo kazi yake kila mwaka kabla ya mnada wa mavuno: yai hutikiswa sikioni, likicheza ni viza, limeoza ndani, na viza haliingii madhabahuni. Analitikisa. Halichezi. Linagonga. Ndani ya yai sauti inauliza, Mungu, ulikuwa wapi Niwaeli akifa, ulikuwa wapi? Hili siwezi kulitoa, anasema, ni shaka yangu. Mpokeaji anainamisha ule uso mtupu. Viza hunyamaza, anasema. Hili linamgongea nani?

Elinipenda anafumbua macho. Mlango wa sakristia unagongwa. Anafungua, na Mkunde amesimama na mtoto kifuani, gari linanguruma uani. Wifi, anasema Elinipenda, sina hakika kama Mungu ananisikia. Mkunde anamsogezea mtoto. Hata mimi, wifi. Omba hivyo hivyo. Basi anaweka mkono kwenye paji linalochoma, anaanza na lile swali, ulikuwa wapi, halipambi, na machozi yanamtoka mbele ya wifi yake. Mlango uko wazi, hakuna anayeugusa, lakini kugonga hakujakoma, na Elinipenda hajui kama ameamka au bado anaota, ila anaendelea kuomba.