Walioitikia Amina

Nuru na Alimasi hawakutoka tumbo moja, lakini Kasongo nzima iliwahesabu ndugu. Mama yake Nuru alifariki mtoto hajatimiza arobaini, na Mama Soraya, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye wakati huo alikuwa akimnyonyesha Alimasi, akamchukua yule yatima akampa ziwa la pili. Kwa familia za mjini, wale waliorithi swala na saumu tangu kwa mababu, hilo si jambo dogo. Ziwa likishanyonywa, undugu umefungwa. Hawa hawaoani, hawaoneani haya, na mmoja akichomwa mwiba mwingine huchechemea. Ndivyo tulivyolelewa kuamini, basi.

Wakakua, wakasomea udaktari, wakarudi nyumbani pamoja kusomea upasuaji katika hospitali ya mafunzo iliyofunguliwa pale mjini. Huko waliitwa asistanti. Asistanti ni daktari kamili, anatibu na kulaza wagonjwa, ila bado anafundishwa ubingwa chini ya jicho la bingwa. Hilo jicho ndilo lenye kisa chote hiki. Baraza linalotoa ithibati, yaani kibali cha hospitali kufundisha mabingwa, linasema waziwazi kwamba asistanti asimpasue mtu bila msimamizi wake kuwa karibu. Msimamizi wao alikuwa Dokta Lwamba, mtu mwenye mkono mzuri wa kisu, tusimnyime haki yake. Taabu ya mkono ule ni kwamba ulikaa Salamabila. Alikuwa amefungua kliniki yake kule kwa wachimba dhahabu, na pale Kasongo akawa wa kuandama kama mwezi wa Ramadhani, watu wanaulizana ameonekana au bado.

Mwaka uliopita, mchana wa mvua, aliletwa Jeanine, mwanamke wa Lusangi, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mwendesha pikipiki, mfuko wa uzazi umepasuka. Alimasi alisimama dirishani akimpigia Lwamba simu. Akapiga, akapiga, akapiga mpaka simu yenyewe ikazimika. Nuru akaona kusubiri ni kuua, akaingia kupasua bila mtu wa kumwambia hapa kata, hapa funga. Jeanine akafia mezani. Mumewe, Mugisho, hakutukana wala hakulia mbele za watu. Aliuliza tu, "Mukubwa wenu iko wapi?" Nuru akakosa jibu, na swali lile halikumtoka tena moyoni.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: siku nyingine mtu akiletwa vile, msimamizi awepo.

Basi zikaja habari kwamba baraza linatuma mkaguzi kuja kuamua kama ithibati ya hospitali iendelee. Asistanti walikwisha kumchagua Nuru awe mwakilishi wao, maana baraza lenyewe linataka wawe na sauti yao, na mkaguzi akija hukutana nao peke yao, mlango umefungwa, walimu nje, jina la msemaji haliandikwi. Nuru akawaalika wenzake nyumbani kwa Mama Soraya. Walikuja Alimasi, Cirhuza na Elodie. Wakala bugali kwa sombe, yale majani ya muhogo, na samaki katika sinia moja, mikono inagongana. Cirhuza, mtu wa Kivu asiyeishiwa na utani, akasema akipigwa mwaka huu kwa kusema kweli, angalau atapigwa ameshiba.

"Tusiseme kila mutu yake," Alimasi akashauri. "Tutachanganyikiwa. Nuru, weye utasema, sisi tutaitikia. Kama vile dua: mumoja anasoma, wengine wanasema amina."

Wakalipenda shauri hilo. Pale mjini neno kubwa haliendi bila Fatiha, kwa hiyo Mama Soraya akanawa mikono, akaketi vizuri, akasoma. Cirhuza na Elodie ni Wakristo, lakini nao walifumbua viganja wakaitikia. Sauti iliyopita zote ilikuwa ya Alimasi. Nuru alirudi kwake akiwa mwepesi, mara ya kwanza tangu kifo cha Jeanine.

Mkaguzi alikuwa Dokta Pélagie, mwanamke mfupi wa maneno machache, aliyefika na vumbi la njia hadi kwenye nyusi. Alizunguka wodi, akatazama chumba cha upasuaji, akaongea na Lwamba, ambaye wiki hiyo, ajabu ya Mungu, hakutoka hospitalini hata kwenda kununua sigara. Kisha akawaita asistanti, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Nisikilizeni," alisema. "Neno la mutu mumoja, kwangu ni lalamiko, nitalipeleka lakini halina uzito. Neno lenu wote njo hali ya shule yenu. Kwa hiyo semeni."

Nuru akasema. Alieleza Salamabila, alieleza simu isiyopokelewa, alieleza wagonjwa wanavyopasuliwa na watu ambao bado wanajifunza wapi pa kupasua. Alimtaja Jeanine kwa jina. Hakuomba mtu afukuzwe. Aliomba baraza liweke sharti tu: ithibati iendelee, lakini msimamizi akae Kasongo. Alipomaliza akageuka kwa wenzake, akingoja amina.

Dokta Pélagie naye akawageukia. "Ni hivyo?"

Elodie alitazama kucha zake. Cirhuza, wa utani, siku hiyo hakuwa nao. Alimasi ndiye aliyejikohoza.

"Dokta, utusamehe," alisema kwa upole, ule upole wa kumfunika mgonjwa shuka. "Dada yangu alifiwa na mugonjwa mwaka jana, na tangu pale moyo wake haujatulia. Tunamuhurumia. Lakini msimamizi tuko naye. Ile siku yenyewe, kama angempigia simu, angekuja."

Nuru alidhani amesikia vibaya. Kisha akaona Cirhuza anatikisa kichwa kukubali, taratibu, na Elodie akafuata. Walikuwa wameitikia kweli, kila mmoja amina yake, ila dua walikuwa wamebadilisha. Alifungua mdomo kusema kwamba huyu huyu ndiye aliyekuwa dirishani na simu mkononi, na hapo akaelewa kuwa akisema ataonekana ndiye yule mwenye moyo usiotulia. Akafunga mdomo. Dokta Pélagie akawashukuru wote, akafungua mlango.

Nuru alimkuta Alimasi nyuma ya jengo la kufulia, anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Kwa nini?" alimuuliza.

"Lwamba alituita," Alimasi alijibu. "Alisema kibali kikiondolewa, shule inafungwa. Miaka yetu yote inapotea, Nuru. Yako pia. Nimekuokoa hata weye."

"Alikuita lini?"

Alimasi akarudi kufuta miwani.

"Alikuita lini, Alimasi? Kabla ya Fatiha ama nyuma yake?"

"Kabla," alisema.

Hapo ndipo Nuru alipoumia kisawasawa. Kuogopa angeweza kumsamehe. Hata yeye aliogopa. Lakini huyu mtu alikula naye sinia moja akijua, akamwambia weye sema sisi tutaitikia akijua, akainua viganja mbele ya mama aliyewanyonyesha wote wawili, akijua. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na Nuru aliyekula naye, aliyenyonya naye, alibaki pale kwenye harufu ya sabuni akishindwa amweke Alimasi upande gani wa methali. Akaondoka bila kuaga.

Ithibati ikaendelea, bila sharti hata moja. Jina la msemaji halikuandikwa, ni kweli, lakini nani aliwahi kuhitaji kuandika ili kupeleka habari Kasongo? Lwamba alimwita Nuru ofisini na, kwa tabasamu, akamwambia amesikia ana wasiwasi wa kupasua bila msimamizi. Basi tangu leo asiguse kisu mpaka yeye Lwamba awepo chumbani. Sheria aliyowaombea watu wote ikaja kumfunga yeye peke yake. Uwakilishi akapewa Alimasi. Nuru akawa wa kubadilisha bandeji na kuandika dawa, na kwa Mama Soraya akaacha kwenda kula. Mama alituma watu kuuliza kulikoni. Nuru akajibu kazi ni nyingi. Hakutaka mzazi achague kati ya maziwa yake mwenyewe.

Ikaja Ijumaa moja. Watu walikuwa wanatoka msikitini, na Nuru anapita ua wa hospitali, akaona Alimasi anakuja mbio, kanzu ameishika mkononi ili asijikwae. Nyuma yake vijana wanne walikuwa wamebeba kitanda cha kamba, na kitandani alikuwa Mama Soraya, amejikunja, uso una rangi ya majivu. Ngiri yake ya siku nyingi ilikuwa imekaba utumbo. Nuru aligusa tumbo mara moja akajua kwamba jua likizama hajapasuliwa, hatapona.

"Cirhuza na Elodie wako kazini Kabambare," Alimasi alisema akihema. "Miye siwezi. Ona mikono yangu. Mutoto hawezi kumkata mama yake. Nuru, mama yetu."

"Leo ni mama yetu," Nuru alisema.

Nuru alimtazama, na hasira yote ya miezi ile ikampanda mpaka kooni. Kisha akasikia mama anagugumia, akaishusha. Mtu mwingine angejiuliza kama ana ruhusa. Yeye alikwisha kunawa mikono.

Mama Soraya alichomwa ganzi ya mgongo, ile inayoua kiwiliwili cha chini na kumwacha mtu macho. Wakamtundikia kitambaa kifuani asione. Alimasi alisimama kichwani kwake na simu sikioni, na katika ukimya ule kila mtu alisikia simu ya Lwamba inavyolia huko Salamabila, inalia mpaka inakata, anapiga tena inalia.

"Mukubwa wenu iko wapi?" mama akauliza.

"Iko njiani, mama," Alimasi alisema.

Kisu kilikuwa tayari mkononi mwa Nuru. Swali la Mugisho lilikuwa limemrudia neno kwa neno, na safari hii alikuwa na jibu.

"Hayuko, mama," alisema. "Ni miye niko hapa."

"Basi Bismillahi," mama akasema. Nuru akakata. Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi lakini ulipofunguliwa ukarudisha rangi yake pole pole, na Nuru aliona wekundu ule unarudi, akaogopa hata kufurahi. Alifunga jeraha bila kusema na mtu. Alipovua glovu, Alimasi alitaka kumshika mkono, Nuru akauondoa.

Kesho yake Dokta Lwamba alifika, viatu vina tope la njia ya Salamabila. Alipita wodini, akasimama kwenye kitanda cha Mama Soraya, akainua bandeji, akatazama mshono kwa makini.

"Kazi safi," alisema. "Nani amepasua?" Akamtupia Nuru jicho.

Alimasi akajikohoza. Nuru alikuwa anakifahamu kikohozi kile.

"Miye, shefu," Alimasi alisema. "Ulikuwa unatuelekeza kwa simu."

Lwamba hakupepesa hata ukope. "Ndiyo," alisema, "kwa simu." Na Alimasi akamtazama Nuru kama mtu anayengoja kushukuriwa, kwa kuwa amemfichia kosa la kupasua bila ruhusa. Pengine mwenyewe aliamini hivyo. Nuru alihisi uchovu mkubwa, wa kutaka kukaa chini pale pale sakafuni.

"Dokta," Mama Soraya akasema kutoka kwenye mto. Sauti ilikuwa ndogo. "Miye nilikuwa macho."

Lwamba akairudisha bandeji.

"Nilisikia simu inalia. Hakuna mutu alishika." Alipumzika kidogo, akamgeukia mwanawe. "Alimasi. Huyu mutoto ameacha kula kwangu tangu mukaguzi wenu alikuja. Nilifikiri ni kazi. Kumbe ni weye. Ile Fatiha nilisoma miye, na weye njo uliitikia kwa nguvu kupita wote. Sasa sema mbele ya mukubwa wako: nani amenipasua?"

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Neno moja lilitosha, jina tu, na Nuru, pamoja na yote, alijikuta anamwombea alitamke. Alimasi alimtazama Lwamba. Kisha akatazama viatu vya Lwamba, na tope lile.

"Pumzika, mama," alisema. "Usiongee sana."

Mama Soraya alimwangalia mtoto wake wa tumbo muda mrefu bila kukasirika, kisha akafumba macho, akayafumbua upande mwingine.

"Nuru, mwanangu," alisema. "Njoo unigeuze ukutani."

Nuru akaenda. Alipitisha mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, akamgeuza taratibu asije akafungua mshono, mpaka mgongo wa mama ukawaelekea wale wanaume wawili. Kisha akamvutia shuka, akakaa naye.