Aitwe Kama Wengine

Siku yangu ni Jumatano. Shule yetu ina mshauri wa wanafunzi siku moja tu kwa wiki, kana kwamba watoto huumia Jumatano peke yake. Chumba nilichopewa kiko mwisho kabisa wa korido, na hakuna mtoto anayetaka kuonekana akikiingia. Sawa. Mimi hushinda kwa muuguzi wa shule, maana kuumwa tumbo hakuna aibu.

Huko ndiko nilikompata Tokumaru Wakana, binti wa darasa la mwisho, mwembamba, nywele zimemfunika macho. Darasani hakukanyaga tangu majani yalipoanza kupukutika. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Siku moja tumbo lilimkaza langoni akarudi nyumbani, kesho yake hivyo hivyo, na kadiri siku zilivyozidi ndivyo kurudi shuleni kulivyozidi kuwa kugumu. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma wenzake wakiwa darasani, anabadili viatu, anakula tonge lake la wali pamoja nami na muuguzi, kisha anaondoka kabla ya kengele. Watu wakasema anadeka. Wangejaribu wao waone!

Jumatano moja, theluji bado imejaa uwanjani, akanong'ona, "Mwalimu Igarashi, nataka kuwepo kwenye mahafali."

"Enhe?"

"Mwalimu Tsukuda aniite jina. Nisimame, niseme 'nipo', nikae. Basi. Kama wengine."

Nusura nimkumbatie. Nikajizuia, ningemtimua bure.

Sasa huyo Tsukuda, mwalimu wa darasa lake, ni kijana anayefundisha mazoezi ya viungo. Ana moyo mkubwa na sauti kubwa kuliko moyo. Kila asubuhi alikuwa akiwatuma wanafunzi wakambishie Wakana hodi, waje naye shuleni, mpaka nikamkataza. Nikamkalisha chini.

"Jumatano ijayo Wakana atakuja kwenye mazoezi ya mahafali. Ataingia kwa mlango wa pembeni, akae na mimi nyuma. Asisemeshwe. Asiangaliwe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mfanyeni kama ukuta."

"Lo, dada! Huo si ukatili?"

"Tsukuda, nisikilize."

"Haya, haya, nimekuelewa."

Alinielewa wapi! Shuleni kwetu mazoezi ya mahafali huchukua siku nyingi: kusimama kwa pamoja, kuinama kwa pamoja, kuketi kwa pamoja, hata kupumua ungedhani ni kwa pamoja. Siku ile nilimsindikiza Wakana mpaka mlango wa pembeni wa ukumbi.  Nikasukuma mlango taratibu. Darasa zima likasimama kama mtu mmoja, likageuka, likaanza kupiga makofi. "Karibu nyumbani, Wakana!" Na mbele yao Tsukuda, machozi yanamtiririka, anapiga makofi kuliko wote.

Wakana alisimama kidogo tu. Kisha akachomoka bila hata kubadili viatu vya ndani, akaikata theluji hadi langoni, akapotea.

Nilimfuata Tsukuda nikamvuta pembeni. "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi?"

"Nilitaka ajue tunampenda."

"Ulitaka wewe uonekane unampenda!"

Lilikuwa neno kali, na sikulirudisha. Uso ukamshuka. Maskini, hakuwa na ubaya hata chembe, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu ubaya angalau mtu anajua jinsi ya kupambana nao.

Jioni tulikwenda wote wawili nyumbani kwao Wakana. Mama yake alitufungulia akiinama na kuomba radhi, eti binti yake katusumbua. Nikamwambia, "Mama Wakana, acha hayo, sisi ndio tumekuja kuomba." Tsukuda akapiga magoti palepale panapovuliwa viatu, akagusa sakafu kwa paji la uso, akasema kuelekea ngazi, "Wakana, nilikosea. Hukutaka makofi, nami nikakupa makofi."

 Sauti ya Wakana ikashuka kutoka juu, nyembamba. "Siji tena, Mwalimu. Watanigeukia wote."

Nikamweleza njia nyingine tuliyo nayo: siku ya mahafali, alasiri, wenzake wakishaondoka, mkuu wa shule huwafanyia sherehe ndogo ofisini kwake wale walioshindwa kuja.

"Basi nitaitwa peke yangu," akasema. "Si yaleyale? Nilitaka niwe katikati tu, mmoja wao."

 Miaka yote hii ya kazi, nikabaki nimeshika mkoba. Tsukuda naye alikuwa bado chini.

"Njoo tu," akasema, kwa mara ya kwanza tangu nimjue kwa sauti ndogo. "Nitajitahidi."

Siku ilipofika, nilikaa ofisini kwa mkuu wa shule roho mkononi. Muuguzi alikuwepo, mkuu kavaa suti yake ya sherehe, mama yake Wakana katangulia na kimono chake cheusi. Nilishasema moyoni kwamba haji. Mlango ukafunguka, akaingia Wakana na sare iliyopigwa pasi, macho chini. Hatukupiga makofi. Hatukumwangalia hata. Mimi niliangalia dirisha mpaka shingo ikauma.

Tsukuda akasimama wima. "Akutsu Renji," akaita.

Kimya. Akangoja, muda uleule ambao mtoto hutumia kusimama, kuitika na kuketi.

"Ijuin Mao."

Kimya. Akangoja tena. Mkuu wa shule akanitazama. Nikamtikisia kichwa, usimguse. Tsukuda akaendelea, jina kwa jina, darasa zima lililokwisha kwenda zake, kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakuharakisha hata mmoja. Nikamwona Wakana kainua uso. Nikaanza kulia, nikajifanya nina mafua.

"Tokumaru Wakana."

"Nipo!"

Ilitoka kwa nguvu, kubwa kuliko alivyotaka mwenyewe. Mama yake akajiziba mdomo kwa kiganja. Tsukuda akafungua kinywa aite jina linalofuata, sauti ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Machozi yakamshuka mpaka kwenye tai, na wote tukasimama tu, tumeduwaa, macho yetu sasa yamemwelekea yule binti aliyetuomba tusimwangalie.

Wakana alikuwa ameshaketi. Akamwambia mwalimu wake polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake zamu, "Mwalimu, usiishie kwangu. Bado Yatsuka."

Tsukuda akajifuta uso kwa mkono, akamwita Yatsuka.