Kisiki Chenye Jiwe Jeupe

Mimi nachora kilima kimoja tu, na wanaonicheka hapa kambini Dzaleka waendelee kucheka. Ni kilima chetu cha Nyangezi, karibu na Bukavu, chenye nyumba ya mabati na miparachichi mitatu. Baba alipanda mmoja kila mtoto alipozaliwa: wa Mathilde, wangu, na wa mdogo wetu Rémy. Mathilde alipofariki, Baba aliukata mti wake ukabaki kisiki cha kufika gotini, akaweka jiwe jeupe juu. Sijaona familia nyingine iliyofanya hivyo.

Katika michoro yangu visiki ni viwili. Rémy tulipotezana Uvira siku ya risasi, miaka tisa iliyopita, na jirani aliapa kwamba amemwona amelala barabarani, hapumui. Nililia mwaka mzima, kisha nikachukua penseli nikaukata mti wake.

Jumanne nilikuwa nampelekea mchoro mama mchungaji wa Kawale, kule Lilongwe. Nikishuka minibasi, upindo wa sketi ukafumuka, nikaingia kwa fundi wa karibu. Kuinua macho, kilima changu kiko ukutani.

Nyumba ileile, visiki viwili, mawe meupe. Lakini mti wa Rémy ulikuwa umesimama na matunda yake. Uliokatwa ni wangu. Hasira ilinipanda kabla ya akili: nani huyu aliyethubutu kuniua?

Nikamuuliza mama aliyekuwa kwenye cherehani, wenyewe wakimwita Mama Akeza, nani kachora. Akasema ni mwenye duka, yuko nyuma anapiga pasi. Akamwita.

Alitoka na pasi mkononi. Mvi zilikuwa zimemwingia, lakini masikio yalikuwa ya Baba. Aliniangalia, akaangalia ukuta, akaniangalia tena, kisha akakaa chini juu ya nguo za watu.

“Dada, mi nilikukata,” alisema kwa Kiswahili cha kwetu. “Bantu balinionesha kitenge yako, iko na damu.”

Miaka tisa, safari ya saa moja tu kati yetu, kila mmoja akimlilia mwenzake. Ndipo nikakumbuka mchoro wangu, nikauficha mgongoni. Aliniona. Akauchukua, akaukunjua juu ya meza ya kukatia, akautafuta mti wake. Kidole kikasimama kwenye jiwe.

“Na we ulinikata.”

Nikamwambia ndiyo, nilikukata, tena kila mwezi, kila mchoro. Tukaangua kilio wote wawili, hata Mama Akeza akainuka akafunga mlango.