Taa ya Kijani kwenye Friza ya Alzira

Alhamisi tarehe nane Januari, mwaka huu wa 2026, umeme ulikatika jengo letu zima hapa Crescent Town, huku ughaibuni kwenye theluji, na hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika. Wala si kukatika. Ni jinsi ulivyorudi, na kile kisanduku cha Dean.

Dean ndiye meneja wa jengo. Mwezi wa kumi na moja alipita nyumba kwa nyumba akichomeka visanduku vya kubana matumizi ya umeme kati ya soketi na friza. Nikasema sikitaki. Akasema ni lazima. Wakubwa ndivyo walivyo, wao wanaamua, wewe unachomekewa.

Ndani ya friza mlikuwa na kopo moja tu la maana. Sorpoteli ya mke wangu Alzira, nyama ya nguruwe na maini kwa siki, aliyoipika wiki moja kabla hajafariki. Sisi Wagoa, Wahindi Wakatoliki, misa ya mwaka wa marehemu ikiisha, watu wanakuja nyumbani kula. Niliapa watakula mapishi ya mkono wake mwenyewe. Misa ilikuwa Jumapili.

Jumamosi nafungua friza, maji mpaka sakafuni! Nyama kwenye kopo imelainika pembeni, katikati bado ngumu. Na taa ya kisanduku inawaka kijani, kama vile hakuna kilichotokea.

Nikamwita Feroz wa ghorofa ya juu, mtu wa Dar, fundi wa elektroniki. Akachomoa kisanduku, akangoja, akachomeka tena. Friza ikanguruma.

"Kilikuwa kimelewa hiki, Anko Aubrey," akasema. "Umeme ulirudi dhaifu, ukapanda polepole. Chipu ya humu ikaamka kabla haujatosha, ikachanganyikiwa, ikakwama. Taa inawaka, friza haipewi kitu. Walitakiwa waweke kidude cha riseti, kiizuie chipu mpaka umeme utulie."

Nikamshukia Dean ofisini.

"Tulikijaribu," akasema kwa Kiingereza chake laini. "Tulizima swichi, tukawasha. Kilifanya kazi kila mara."

"Swichi inaleta umeme kwa mkupuo! Mlijaribu ukija kwa kujikokota?"

Akasema atawauliza wa juu. Kila mtu ana wa juu wake, isipokuwa mimi. Na roshani yangu siku zote hizo ina baridi ya kugandisha mate! Kopo lingekaa pale likawa jiwe, bila kisanduku cha mtu.

Jumapili nimeipasha moto. Inanukia Alzira kabisa. Wageni wameshavua makoti, padri ameshika sahani, mimi nimeshika upawa.

"Siki inalinda nyama, hata ikiyeyuka," nikamnong'oneza binti yangu Candice.

"Onja basi, Daddy."

Upawa ukabaki hewani. Candice, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza maisha yake yote, akaninong'oneza kwa Kiswahili cha mama yake:

"Mama angewapa wageni hii?"